Siku Aurelia Alipomkasirikia Mtani Wake

Hasira za Aurelia zilijulikana mtaa mzima wa Mlabani, pale Ifakara. Watu waliokuja asubuhi kununua vitumbua vyake walimwangalia kwanza usoni kabla ya kumwamkia, na wakiona amekunja uso walichukua vitumbua vyao wakaenda zao bila kuomba nyongeza. Mwenyewe hakuona kama ana hasira. Aliona tu kwamba watu wana makosa mengi na hakuna anayewaambia.

Alikuwa Mpogoro, mzaliwa wa milimani upande wa Mahenge. Alishuka Ifakara na mumewe, Kelestini, wakati binti yao wa pekee, Justa, bado anabebwa mgongoni. Walitembea kwa miguu. Kelestini alimwambia aache jiwe la kusagia, mawe yapo hata huko waendako; Aurelia akamjibu kwamba jiwe la mama yake haliko huko waendako, akalibeba kichwani mpaka Ifakara, na njia nzima hakumsemesha mumewe. Wakalima mpunga Katindiuka. Mwaka ule Justa alipopokea komunyo ya kwanza, homa ilimchukua Kelestini katikati ya mavuno. Shemeji zake walipokuja kumwambia kwamba sasa atarithiwa na mmoja wao, Aurelia aliwajibu maneno ambayo hakuna hata mmoja wao aliyethubutu kuyarudia mbele ya watu. Tangu hapo alilima peke yake, akapika vitumbua peke yake, akamlea mwanawe peke yake.

Katika watu wote wa Ifakara alikuwepo mmoja tu ambaye Aurelia hakuruhusiwa kumkasirikia, naye ni Marselino mwashi. Marselino alikuwa Mngoni. Baba yake alitoka Songea kuja kujenga kanisa Mahenge, akabaki huko, na Marselino akazaliwa na kukulia kwa Wapogoro, hata Kipogoro chake kilikuwa safi kuliko cha Wapogoro wengine. Lakini Mngoni ni Mngoni, na Wangoni na Wapogoro ni watani. Mababu zao walipigana kwa mikuki, basi wajukuu wanatukanana kwa kicheko, na kanuni yake ni moja: mtani hakasirikiwi. Akikuita mchawi unacheka. Akikunyang'anya kofia unacheka. Ukikasirika unatozwa kuku, na watu wanaendelea kukucheka hata baada ya yule kuku kuliwa.

Siku ya mazishi ya Kelestini, Marselino alishuka kaburini akajilaza chali. Akasema kaburi lile amelichimba kwa mikono yake, kwa hiyo ni lake, marehemu akajitafutie jingine. Wakampa kuku. Akasema kuku mwenyewe amekonda, nani amemroga. Aurelia, ambaye macho yalikuwa yamevimba kwa kulia, alijikuta anacheka mbele ya jeneza la mumewe, na baada ya kucheka ndipo alipoweza kula. Hakumsahaulia Marselino wema huo. Kwa hiyo kila alipopita barazani kwake akisema, "Mke wangu Aurelia, mbona leo unanuka moshi," Aurelia alimtukana kwa ukoo wake wote na kumpa kitumbua cha bure.

Mwaka wa hamsini na sita, baada ya sikukuu ya Bikira Maria ya mwezi wa nane, padre aliwapa wanakwaya lori la misheni waende Sanje kutembea na kutazama maporomoko ya maji. Aurelia hakuwa mwanakwaya. Sauti yake ilifaa kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Lakini mtu wa kupika alihitajika, na zaidi ya hapo alikuwa na jambo lake.

Jambo lenyewe lilikuwa Viktor. Viktor alikuwa mwalimu kijana aliyeongoza kwaya, Mndamba, mpole, anayejua kunyoosha suruali yake ikanyooka. Yeye na Justa walipendana tangu mwaka uliotangulia, na mtaa mzima ulijua, hata waliojifanya hawajui. Baba yake Viktor alikuwa amekufa zamani. Aliyemlea na kumsomesha ni baba yake mdogo, Mzee Dionisi, mvuvi na mkulima wa huko juu mtoni upande wa Mngeta. Mzee huyo alikuwa ameshuka na mtumbwi kwa ajili ya sikukuu. Akasema hatamtazama msichana nyumbani kwao, maana nyumbani kila mtu amekwisha kufagia. Msichana anatazamwa safarini. Basi akaomba nafasi kwenye lori, na wote wakajua kwamba jioni ya siku ile atasema ndiyo au hapana, na kwamba akisema hapana Viktor hatamwoa Justa.

Justa alikuwa na miaka ishirini. Wachumba wawili walikuwa wamekwisha kuja na kutoweka, na mtaa ulisema hawakumkimbia binti, walimkimbia mama. Neno hilo lilikuwa limemfikia Aurelia na kumchoma. Alitaka ndoa hii kwa moyo wake wote, na kutaka kitu kwa moyo wote kulimtia hofu, na hofu ya Aurelia haikujua kutoka isipokuwa kwa njia ya hasira.

"Mama," Justa alimwambia alfajiri ile walipokuwa wanafunga sufuria, "leo nakuomba kitu kimoja. Usikasirike. Hata wakikukanyaga."

"Nani atanikanyaga?"

"Ndiyo hivyo sasa, mama. Umekwisha kuanza."

Aurelia akaapa kwamba hatakasirika.

Lori liliondoka asubuhi, wanakwaya wakiwa nyuma juu ya mbao, Mzee Dionisi mbele na dereva. Dereva aliitwa Tadei, Mndamba vilevile, na kumbe kijiji chake kilipakana na cha Mzee Dionisi. Tangu Ifakara wawili hao walizungumza Kindamba bila kupumzika. Huko nyuma vumbi liliwajaa watu masikioni. Kila walipofika kwenye daraja la magogo Tadei alisimama akateremka kulikagua, na wanawake wakasali. Pale Kiberege watoto waliwakimbilia. Upande wa kushoto milima ya Udzungwa ilikuwa inawafuata, kijani kibichi mpaka juu, mawingu yamekaa mabegani mwake. Marselino, ambaye aliimba besi, alimtania Aurelia njia nzima, Aurelia akamrudishia, na wanakwaya wakacheka mpaka Mang'ula. Mzee Dionisi hakusikia neno. Mashine ilikuwa inanguruma na Tadei alikuwa anamweleza habari za ng'ombe.

Walipofika Sanje, rejeta ya lori ilikuwa inachuruzika maji. Tadei akasema wao waende, yeye atabaki kuiziba kwa sabuni. Wakajitwika vyakula wakaanza kupanda.

Njia ilipita kwanza kwenye mashamba ya mihogo, kisha ikaingia msituni na kuwa ya mwinuko mkali. Mizizi ilikuwa minene kama mapaja, ikawa ndiyo ngazi. Mbega waliwatazama kutoka juu, wakahama. Kabla hawajaona maji waliyasikia, na kadiri walivyopanda ndivyo mazungumzo yalivyokufa, kwa sababu ilibidi mtu apige kelele ili asikike. Poromoko la kwanza lilikuwa dogo, linamwagikia kwenye bwawa la maji ya baridi kiasi cha kuuma meno. Wanaume wakavua mashati. Wengine wakapanda zaidi, na Aurelia akawafuata, maana alitaka aone huo uzuri unaosemwa.

Akauona. Maji yalitoka juu kabisa, mahali ambapo shingo ilichoka kuyafuata, yakashuka kando ya jabali refu kuliko mnara wa kanisa mara nyingi, na mengine hayakufika chini, yaligeuka ukungu njiani yakawalowesha watu nguo. Ukigeuka nyuma unaliona bonde lote la Kilombero limelala tambarare, mashamba na majani na mto, mpaka macho yanaishiwa. Wanakwaya walipiga ishara ya msalaba. Aurelia, aliyeteka maji kila siku ya maisha yake, aliona uchungu maji mengi kiasi kile kumwagika bila mtu kuyakinga. Hata hivyo alisimama pale muda mrefu, na alipoteremka uso wake ulikuwa laini, na Justa akamwona akafurahi.

Wakala pale penye bwawa. Justa alimpelekea Mzee Dionisi maji ya kunawa, akapiga magoti, akamwekea wali na perege wa kukaanga, akamjazia togwa kwenye kibuyu. Mzee akamwangalia alivyonyanyuka bila kumwaga hata tone. Akageuka akamwangalia Aurelia, akainamisha kichwa chake mara moja, polepole, kama mtu anayekubali bei. Aurelia alihisi machozi yanamjia akajifanya anakuna jicho.

Ndipo Marselino alipotoka majini, suruali imemganda miguuni, akaja akasimama mbele ya mzee.

"Mzee wangu, shikamoo. Nakuona unamtazama sana huyo binti. Pole. Huyo ni mke wangu. Mwulize mama yake hapo. Mtoto wetu wa kwanza tumemwacha kwa bibi yake Mahenge, sasa ana meno mawili."

Wanakwaya wakaangua kicheko. Na Justa, ambaye alikulia katika utani huo na kujua kwamba mtani asiyejibiwa anaona amedharauliwa, akajibu vilevile alivyozoea kujibu:

"Mtoto mwenyewe hakufanana na wewe, ndiyo maana nilimwacha."

Kicheko kikapanda mpaka kikashindana na maji. Viktor naye alicheka. Kisha akamwona baba yake mdogo, akaacha kucheka, akaanza kuyatazama maji ya bwawa.

Mzee Dionisi alikuwa ameweka kibuyu chini. Alinawa mikono ingawa samaki hata nusu hakufika. Akasimama, akaenda kukaa juu ya jiwe kando, mgongo amewapa watu.

Aurelia alimfuata. Akapiga magoti, jambo ambalo magoti yake hayakulizoea.

"Mzee Dionisi, chakula kimekukosea nini?"

"Chakula kizuri, mama Justa. Binti yako anajua kupika." Alikuwa anaongea kwa adabu, na adabu yake ilimtisha Aurelia kuliko matusi. "Ila sisi tulikuja kutafuta msichana. Hatukuja kutafuta mke wa mtu. Na mtoto mwenye meno mawili, mama, hilo ni jambo la kuambiwa mapema, si la kuambiwa na mwanamume aliyelowa maji, mbele ya kwaya."

"Mzee, huyo ni mtani wetu. Ni Mngoni."

"Mngoni." Mzee akaguna. "Tangu tuliposhuka garini namsikia anaongea Kipogoro na wenzake. Mngoni gani anaongea Kipogoro namna hiyo? Na hata kama ni mtani, binti mwenyewe amekiri. Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Alikuwa anajibu utani."

"Kila mwenye aibu hukimbilia utani," mzee akasema. "Inuka, mama, utaumia magoti. Neno langu nimelisema. Hapana."

Aurelia akainuka. Damu ilimpanda kichwani hata akaona miti inasogea. Aliwapita wanakwaya, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Marselino aliyekuwa amekaa anatafuna paja la kuku, akamnyang'anya lile paja akalitupa bwawani.

"Inuka uende ukamwambie yule mzee wewe ni nani."

Marselino akacheka. "Jamani, mke wangu mkubwa ameona wivu."

Wanakwaya wakacheka. Mmoja akasema, "Mama Justa amemkasirikia mtani, kuku, kuku," wengine wakaanza kupiga makofi na kuimba kuku, kuku. Aurelia aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa amewauzia wote vitumbua, wengine kwa mkopo ambao hakuudai, na sasa wanampigia makofi huku ndoa ya mwanawe inakufa juu ya jiwe lile pale, na kwa sheria ya mababu hakuwa na haki hata ya kununa.

"Nitawapa kuku," akawaambia, na sauti yake iliwanyamazisha. "Nitawapa banda zima. Mzee amekataa. Amesema Justa ni mke wa mtu na ana mtoto. Haya, chekeni."

Marselino alifuta mdomo kwa kiganja. Kwa mtani kwenda kueleza kwamba alikuwa anatania ni aibu kubwa, ni kama kukiri ameshindwa, na Aurelia aliijua aibu hiyo na hakumhurumia hata kidogo. Marselino akainuka, akavaa shati lake, akaenda kwa mzee. Akapiga magoti. Wote wakamwona anaeleza, mikono inapanda na kushuka, na mwishoni akaanza kuongea Kingoni.

"Mimi Kingoni sikijui," Mzee Dionisi akamkata. "Unaweza kuwa unanena kwa lugha. Kijana, mama wa watu amekubembeleza, nawe umekuja. Umefanya vizuri. Nenda."

Marselino akarudi. Aurelia akamtazama Viktor. Viktor alikuwa amechuchumaa anaosha sahani ambayo ilikuwa imekwisha kuoshwa. Maskini, Aurelia akawaza, amevunjika moyo hata hana nguvu za kusema. Justa alikuwa amesimama na sinia mkononi, hajaliweka chini tangu mzee alipoinuka, naye pia alikuwa anamtazama Viktor.

Mtu mwingine angekaa akalia. Aurelia alijifunga kanga kiunoni akaanza kuteremka mlima. Alikuwa amemkumbuka Tadei. Tadei ni Mndamba, mzee amezungumza naye asubuhi nzima, na Tadei anamjua Marselino tangu siku alizoendesha gari la misheni Mahenge. Aliteremka kwa kasi ya hasira, mizizi ikamtegua kifundo cha mguu wa kushoto, akaitukana mizizi na kuendelea. Nyuma yake wengine walikusanya vyombo wakafuata bila wimbo.

Tadei alikuwa amelala chini ya lori. Aurelia akamshika miguu akamvuta nje.

"Mama Justa, kuna nini, simba?"

"Kaa hapo. Mzee Dionisi akifika utamwambia Marselino ni kabila gani. Hilo tu. Usiongeze chumvi."

Mzee alifika amechoka, anaegemea fimbo, Viktor amemshika mkono mwingine. Wanakwaya wakasimama kwa mduara. Aurelia hakumpa mtu nafasi ya kupumua.

"Mzee wangu, mimi huniamini, nami ningekuwa wewe nisingeamini. Mwulize mtu wa kwenu."

Mzee Dionisi akamtazama Tadei. "Yule mwashi ni nani?"

"Marselino?" Tadei akajifuta sabuni mikononi, hajui bado lililotokea. "Mngoni yule. Baba yake nilimjua, tulimzika Mahenge, na Wapogoro ndio walioruka ndani ya kaburi siku hiyo, walitusumbua kweli. Huyu anawasumbua Wapogoro wote wa Ifakara. Huyu mama wa watu anaitwa mke, mwanawe anaitwa mke, hata bibi yao akishuka kutoka milimani anaitwa mke." Akacheka peke yake, halafu akashangaa. "Lakini kwani mwalimu hakukuambia? Krismasi, nje ya kanisa, Marselino alimvua Viktor kofia akasema anachukua mahari ya mke wake Justa. Viktor alicheka mpaka akakaa chini. Mwulize."

Mzee Dionisi akageuka. "Viktor. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, baba mdogo."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umekwisha kukasirika," Viktor akasema, akitazama viatu vyake. "Nikaona si vizuri kukujibu mbele za watu."

Uso wa mzee ukafunguka, akacheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri, cha mtu aliyetua mzigo. Akampiga Viktor mgongoni. "Mmemwona mwanangu? Hivi ndivyo nilivyomlea. Mkubwa akisema, hamjibu." Akamgeukia Aurelia. "Mama Justa, nimekukosea wewe na binti yako pia. Kesho asubuhi jembe la uchumba litakuja nyumbani kwako, nami nitalileta mwenyewe."

Vigelegele vikapigwa. Aurelia akaegemea lori. Ameshinda. Mguu unamuuma, ametukana, ametupa kuku wa watu, amevunja kiapo chake cha asubuhi na hata adabu ya mababu, lakini ameshinda, na kwa mara ya kwanza hasira yake ilikuwa imemletea mwanawe mchumba badala ya kumfukuza. Alikuwa na furaha kiasi kwamba alimtafuta Marselino kwa macho ili amtukane kwa mapenzi.

Justa akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya Mzee Dionisi.

"Baba, nashukuru. Jembe lisije."

Vigelegele vikakatika.

Aurelia alimshika mwanawe mkono akamvuta nyuma ya lori, na huko hasira yote aliyobakiza ilimtoka. Alimwambia ana wazimu. Alimwambia amepiga magoti kwa ajili yake, yeye ambaye hakupiga magoti kwa shemeji zake wote, ameteguka mguu, amegeuzwa kichekesho cha kwaya nzima, na sasa mtu amekubali, amekubali kwa mdomo wake, na yeye anasema lisije. "Wale wawili waliotangulia mlisema wamenikimbia mimi. Huyu nimemrudisha. Nimemrudisha kwa mguu mmoja. Unataka nini tena?"

Justa alimwacha mpaka akamaliza.

"Mama, mimi nilikuwa namwangalia," akasema. "Nimesimama na sinia, yule mzee anasema mimi ni mke wa mtu, anasema nina mtoto. Viktor anajua si kweli. Yuko pale, hata hatua tano hazifiki, anaosha sahani. Nikasema ngoja, sasa hivi atasema. Wewe ulipopiga magoti nikasema sasa atasema. Marselino, mtani, amepiga magoti, Viktor anaosha sahani. Nimeteremka mlima wote nasema atasema tu, njiani, akiwa peke yake na mzee, maana amemshika mkono. Hakusema, mama. Mpaka amesema Tadei, aliyekuwa chini ya gari."

Aurelia akamwachia mkono.

"Unampenda?" akauliza.

"Nampenda," Justa akasema, na sasa ndipo alipoanza kulia. "Nampenda, mama. Lakini siku nyingine wakisema mimi mchawi, itakuwaje? Wakisema nimeua mtoto wao?"

Hasira ya Aurelia haikupungua hata chembe. Ilikuwa imegeuka tu, ikajua sasa inakokwenda. Alikumbuka alivyomtazama kijana yule pale bwawani akamhurumia, akasema maskini, na huruma ile ilimuudhi kuliko mambo yote ya siku ile. Alimfuta Justa machozi kwa pindo la kanga, si kwa upole sana, akamshika mkono wakarudi mbele.

Watu walikuwa wamekwisha kupanda. Mzee Dionisi alikuwa amekaa na wengine nyuma safari hii, uso wake umejaa maswali, na Viktor ubavuni pake. Marselino alimnyooshea Justa mkono akampandisha, na hakusema neno la mke wala mume. Aurelia alibaki amesimama chini, mikono kiunoni, kichwa amekiinua.

"Viktor," akaita. "Mwanangu amesema lake, na umelisikia. Mimi ni mama yake, na nilikuwa nakutaka wewe kuliko yeye anavyokutaka. Nakuuliza mara moja tu, mbele ya watu hawa. Una neno la kusema?"

Viktor akainuka nusu. Alimwangalia Justa, midomo ikacheza, na Justa, machozi bado yako mashavuni, akanyoosha shingo kumsikiliza.

Halafu Viktor akageuka, akamtazama kwanza baba yake mdogo.

Aurelia akapanda lori kwa mguu wake mbovu, akakaa karibu na mwanawe.

"Tadei," akasema, "washa gari."